Kijiji Kilichonipa Kuni Kikaninyima Watoto

Mwalimu kijana aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu juzi. Alitaka kujua kwa nini wazazi wa kijiji kile wanaingia shuleni wakati wowote, wanachungulia madirishani, wanakaa kwenye ngazi za ofisi kupiga soga, na wakati mwingine wanamkosoa mwalimu akiwa ubaoni. Akaniuliza nilitumia mbinu gani kuwazoesha shule. Nilimwambia sikutumia mbinu yoyote. Akadhani namnyima. Basi nimekaa hapa Malangali, Sumbawanga mjini, nimejifunga shuka mabegani kwa sababu ya upepo, naandika jinsi ilivyokuwa. Asome yeye na wenzake. Wakielewa, wanieleze na mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Ziwa Tanganyika nililiona kwa mara ya kwanza siku niliyoripoti kazini Kabwe, nikiwa na sanduku la bati na viatu visivyofaa mchangani. Siku ya kwanza darasa la tatu lilikuwa nusu tupu. Nikachukua kalamu niwaandike watoro. Mwalimu Rajabu, mzee aliyepangiwa kunielekeza kazi, akaishika ile kalamu.

"Binti, jana mwezi uliuona?"

"Sikuutazama."

"Basi utazame. Huku watu wanavua dagaa kukiwa na giza. Kukiwa na giza, asubuhi watoto wako mchangani wanaanika. Mbalamwezi ikija, ziwa linapumzika, darasa linajaa mpaka utawakalisha chini."

Nilidhani ananitania. Mbalamwezi ilipokuja, nikawakalisha chini. Tangu hapo mitihani ya mazoezi tuliipanga kwa kuangalia mwezi, na kalenda ya ukutani ikabaki kuwa pambo. Nilikaa Kabwe miaka mingi, nikaondoka nikiamini kwamba habari ya shule na wazazi nimeshaijua. Nawaambia hili mapema ili muone nilivyopanda Ufipa juu nikiwa na kichwa kikubwa.

Habari za vyeo sitaziandika. Inatosha kusema nilipelekwa kuwa mwalimu mkuu kwenye kijiji kimoja upande wa Mpui. Jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa. Mwalimu mkuu wa pale, Konradi, alipelekwa Kabwe, kwenye kituo kile kile nilichotoka. Tulibadilishana kama watu wanaobadilishana viti, ila hakuna aliyetuuliza kama tunataka kusimama.

Nilifika mwezi wa saba, baridi imekaza. Lori lilisimama, na kabla sijashuka wanawake walikuwa wameshapanda nyuma kushusha mizigo yangu. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Nyuma ya jiko kulikuwa na kuni zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Waliniletea unga, maharage, na kuku aliye hai, kwa sababu walishasikia kwamba mimi ni Mwislamu na wakaona heri nimchinjishe kwa namna yangu. Jirani yangu, Mama Leokadia, alikuja na maziwa, akasema yatakuja kila siku. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Desideri, mtu mrefu mwenye koti zito lililomfika magotini, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu sana. Hapa ni nyumbani."

Nikalala nikimshukuru Mungu.

Asubuhi tuligonga kengele, yaani ringi ya gari iliyoning'inia kwenye mti. Watoto wakapanga mstari, wakaimba. Nilikuwa naanza kujitambulisha nilipoona wazazi wanaingia uwanjani, wanaume kwa wanawake, wametulia kama watu wanaokwenda kanisani. Mzee Desideri alikuwa mbele.

"Mwalimu, tumekuja kuchukua watoto."

"Kuna msiba?"

"Hapana, hakuna msiba."

"Kuna chanjo?"

"Hapana."

"Sasa kuna nini, mzee?"

"Hakuna kitu. Wewe pumzika tu. Umetoka mbali."

Wakawashika watoto mikono, darasa baada ya darasa, wakaondoka nao. Hakuna aliyenipigia kelele. Kila mzazi aliyepita mbele yangu alinisalimia. Binti mmoja wa darasa la kwanza alikuwa analia kwa sababu wimbo haukuisha. Nikabaki uwanjani na walimu wangu, na uwanja mzima umejaa alama za miguu.

Nilimgeukia msaidizi wangu, Mwalimu Gaspari, mtu wa Mbozi aliyekuwa pale kwa muda mfupi. "Gaspari, hii ni nini?"

"Madam, hata mimi ndiyo naiona leo."

Kesho yake tuligonga kengele, hakuja mtoto hata mmoja. Yalikuja maziwa. Keshokutwa vivyo hivyo, maziwa na mihogo. Nikitembea kijijini watu wanaacha kazi kunisalimia, wananiuliza kama baridi nimeizoea, wananipa kigoda nikae. Nikiwauliza habari za watoto, wanatazama mbali. Mmoja aliniambia ni mavuno ya ulezi. Nikaenda mashambani, nikakuta ulezi ulishavunwa. Mwingine akasema ni baridi, na huku watoto wake wanacheza mpira nje vifua wazi. Nilianza kuwaza kwamba tatizo ni mimi. Jioni moja Mama Leokadia alipoleta maziwa, nikajikaza nikamuuliza.

"Mama Leokadia, niambie ukweli. Ni kwa sababu ya mtandio wangu?"

Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. "Mtandio? Mwalimu, huo mtandio mzuri, hata mimi nautamani."

"Basi ni nini?"

"Muulize Desideri."

Nikaenda kwa Desideri. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia naomba aitishe kamati ya shule tulizungumze.

"Kamati haiwezi kukaa," akasema.

"Kwa nini?"

"Mwalimu mkuu hayupo."

"Mzee, mwalimu mkuu ni mimi."

Aliweka jembe chini akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. "Wewe ni mgeni wetu, mwalimu."

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Kipande kilichobaki nilikipata kwa Mama Leokadia, naye alikisema tu kama jambo ambalo kila mtu analijua. Konradi alikuwa ameondoka bila kuaga. Alipakia vyombo asubuhi watu wakiwa mashambani, akaenda na mke wake na watoto wake, kama mtu aliyeiba kuku. Alikaa nao miaka mingi, watoto wake walizaliwa pale. Wao walisikia tu kwamba ameomba kwenda kwenye samaki.

"Sasa tutampokeaje mwingine," akaniuliza, "na yule hatujui kama ameondoka?"

"Lakini ameondoka. Nyumba yake nalala mimi."

"Nyumba umelala, ndiyo. Lakini yeye hajasema."

Nawaambia kweli, nilifundishwa chuoni saikolojia ya mtoto, utunzaji wa vifaa na namna ya kuandaa somo. Hili hawakunifundisha.

Wakati huo mratibu elimu wa kata alishaanza kuja na pikipiki yake kila mara. Alikuwa kijana mzuri, ila alikuwa na wakubwa wake. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Alisema watoto wasiporudi, mgambo watapita nyumba kwa nyumba, na wazazi watakaokataa watapelekwa mbele ya sheria. Nikawaza maziwa yale ya kila siku, nikamwaza Mama Leokadia ameshikwa na mgambo. Nikawaza pia darasa la saba, watoto waliosoma miaka yote ile, wakikosa mtihani kwa sababu mtu mmoja hakusema kwaheri.

"Niachie kidogo," nikamwomba.

"Madam, nikuachie, halafu ofisini niseme nini?"

"Sema mwalimu mkuu anashughulikia."

"Unashughulikiaje?"

Nikamwambia nitaanza na Konradi. Akawasha pikipiki akaondoka akitikisa kichwa, na sikumlaumu.

Nilimpigia Konradi simu. Nilipotaja kijiji tu akasema, "Shule hiyo ni yako sasa, Madam. Usinipigie tena," akakata. Nikapiga tena, akaizima. Basi nikaenda Sumbawanga mjini, nikapata lori lililokuwa linashuka kuchukua dagaa, nikapanda mbele kati ya dereva na taniboi wake. Tukapita Namanyere, tukateremka milima hadi hewa ikabadilika na mtandio ukaanza kunibana kwa jasho. Pale Kabwe watu walionijua walinipokea kwa mshangao. Mama mmoja muuza chai aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wamekufukuza tayari?"

Konradi nilimkuta amekaa nje ya nyumba niliyoishi mimi. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na shati limemlowa mgongoni. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza bila kunitazama.

"Wamekutuma uje kunicheka?"

"Hapana. Wanataka uje uage."

"Niwaage watu walionishitaki?"

"Nani kasema walikushitaki?"

"Hilo linahitaji kusemwa? Nakaa na watu miaka yote ile, nazika nao, nafundisha watoto wao, siku moja naambiwa hama. Kama si wao waliopeleka maneno, ni nani?"

"Wao wanasema wewe uliomba kuhama."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Mimi? Niombe kuja kwenye joto hili?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilishauliza ofisini kabla ya kusafiri, nikajibiwa kwamba uhamisho ni utaratibu wa kawaida. Kijiji kinasema mwalimu amekikimbia. Mwalimu anasema kijiji kimemfukuza. Na wote wawili, nikiwatazama usoni, naona wanasema kweli.

Konradi alikataa. Nilitumia kila neno nililokuwa nalo, nikamtajia darasa la saba, nikamtajia mgambo. Akasema hayamhusu. Nilikuwa nimeshasimama kuondoka mke wake alipotoka ndani akifuta mikono.

"Nenda, baba," akamwambia mumewe. "Sufuria yangu kubwa iko kwa Leokadia. Tuliondoka kwa haraka nikaisahau. Hapa napikia watu kwenye sufuria za kitoto."

Konradi akauliza lori linapanda lini. Ninyi vijana mkisikia viongozi wakisema mwalimu fulani alirudi kijijini kwa ajili ya elimu ya watoto, mkumbuke kwamba alirudi kufuata sufuria.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye darasa la saba, kwa sababu ndilo kubwa. Kijiji kizima kilikuja. Waliokosa nafasi walisimama madirishani, na mratibu elimu alikuwa mmoja wao. Mimi nilidhani watamkumbatia Konradi, walie kidogo, tule, mambo yaishe. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kufungua. Sikupewa nafasi ya kuyasema.

Mzee Desideri alisimama. "Konradi, umekuja. Sasa kaa, tukwambie."

Wakamwambia. Aliwachapa watoto kupita kiasi. Alikataza uwanja wa shule usichezewe mpira siku ya harusi. Aligonga kengele siku ya maziko, watu wakiwa bado makaburini. Mbuzi wake walikula maharage ya wajane. Kila mtu alisimama na lake, na hasira ikipanda Kiswahili kinaachwa, wanaingia kwenye Kifipa, mimi nabaki natazama midomo. Konradi naye akasimama akajibu, kwa lugha zote mbili. Alijenga choo cha shule peke yake wao wakiwa wanamtazama. Watoto walikuja bila daftari, lakini siku ya sikukuu nguo mpya hazikukosekana. Mke wake aliumwa hadi kukaribia kufa, hakuna aliyekanyaga mlangoni kwake.

Nilijiona mjinga. Watu walikuwa wanalumbana, na mimi ndiye niliyemleta mtu kutoka ziwani aje kutukanwa. Gaspari aliniinamia akaninong'oneza, "Madam, tufunge kikao?" Nikamwambia kama anajua kinavyofungwa, akifunge. Akakaa vizuri kwenye kiti chake.

Jua lilishapita utosini ilipotokea kwamba hakuna aliyebakiwa na la kusema. Ndipo Mama Leokadia akasimama polepole, akashika ukingo wa dawati.

"Mke wako alipoumwa hatukuja," akasema. "Hilo ni kweli, Konradi." Akakaa.

Konradi alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu.

"Na mbuzi walikula maharage," akasema. "Hilo nalo ni kweli."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha mwingine. Sijui ni kitu gani kilichowachekesha, lakini darasa zima lilicheka, na Konradi akiwemo, hadi machozi. Wanawake wakatoka kwenda kupakua chakula. Wanaokunywa pombe ya ulezi wakaletewa, mimi nikaletewa togwa. Wakati wa kula ndipo walipoanza kuulizana lile la uhamisho.

"Sisi hatukukushitaki," Desideri akamwambia.

"Na mimi sikuomba kuhama."

"Sasa nani?"

Wakageuka wote kumtazama mratibu, ambaye alikuwa amepewa sahani kubwa. Akameza. "Mimi mwenyewe nimehamia kata hii mwaka huu," akasema. Wakamwongezea nyama kwa kumhurumia. Mpaka leo hakuna anayejua.

Jioni kijiji kizima kilimsindikiza Konradi barabarani, sufuria ikiwa kichwani kwa Mama Leokadia. Alimshika kila mtu mkono, wazee kwa watoto. Gari lilipopotea, Mzee Desideri alinigeukia pale pale, vumbi halijatulia.

"Mwalimu mkuu," akasema, "kamati ikae lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kuniita hivyo. Nikasema siku yoyote.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Kumbe mlimpenda sana Konradi."

"Nani? Konradi?" Alishangaa kweli. "Hapana. Mtu mgumu sana yule."

"Sasa mbona..."

"Alikuwa wetu," akasema, kana kwamba amenijibu.

Jumatatu tuligonga kengele na watoto wakaja wote. Darasa la saba walifanya mtihani wao, wengine wakafaulu, wengine hapana, kama ilivyo kila mahali.

Nilikaa pale hadi nilipostaafu. Nilichojaribu kufanya ni hiki, na mkichukue kwa tahadhari. Kila muhula ulipoanza nilipita nyumba kwa nyumba kusalimia, bila ajenda, bila kuomba mchango. Kila ulipofungwa niliitisha kikao kisichokuwa na kingine ila watu kusema yanayowakera, kuanzia kwangu. Mwalimu akihamishwa nilihakikisha amesimama mbele ya watu kabla gari halijaja, hata kama ni kwa dakika chache. Wazazi wakaanza kuja shuleni. Walijenga darasa la awali kwa mikono yao. Lakini kuna mwaka mmoja nilifanya hayo yote na bado hawakukanyaga shuleni muhula mzima, na mwaka mwingine niliugua sikupita nyumba hata moja, wakajaa tele. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana kwamba sina mbinu.

Siku yangu ya kuaga ilipofika nilijiandaa. Nilikaa usiku na kuyapanga kichwani yote ambayo wangenitolea: watoto niliowarudisha darasa, ugomvi wa mipaka ya shamba la shule, vikao nilivyochelewa. Niliandaa majibu yangu, na mengine yalikuwa makali.

Hakuna aliyesema neno baya. Waliimba. Walinivisha khanga, wakanipa kigoda kilichochongwa vizuri na jogoo mkubwa. Maofisa waliokuja kutoka wilayani walikaa mbele wakipiga makofi. Mzee Desideri, ambaye sasa anatembelea fimbo, alisema mimi ni mama wa wote. Konradi, mtu mgumu, alitukanwa siku nzima hadi jasho likamtoka. Mimi nikasifiwa kama marehemu. Nilihamia huku Malangali na jogoo wangu, nikakaa sebuleni najiuliza nimewakosea nini watu wale.

Nilijiuliza hadi wiki iliyopita. Nilikuwa jikoni nachemsha chai niliposikia hodi. Nikafungua, nikamkuta Mama Leokadia amesimama na mfuko wa unga wa ulezi, vumbi la barabara ya Mpui limemjaa hadi kwenye nyusi. Tulisalimiana, nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, nina maneno nawe," akasema. "Siku ile ulikuwa na wageni wa wilayani, tukaona tusikuaibishe mbele yao. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na kijiji. Ni mengi. Kwanza, mwaka ule ulipouza mahindi ya shamba la shule bila kutuuliza..."

"Subiri," nikamwambia.

Nilikwenda jikoni nikazima moto. Nilirudi, nikakaa chini kwenye jamvi mbele yake, nikakunja miguu, nikamwambia aanze upya, polepole, na asiruke hata moja.